Kuvumwani Haimnyonyi Mtu

Picha ilikuwa ya mlima Spruce Knob, West Virginia, huko Marekani, mita 1,482 juu ya bahari. Misprusi myekundu, miti ya jamii ya misonobari, imebaki na matawi upande mmoja kwa kupigwa na upepo wa magharibi, na chini yake miamba mitupu. Mitini na miambani imeshika kuvumwani (kwa Kiingereza lichen). Chini ya picha mtu kaandika: "Mimea ya kuvu inayonyonya miti hadi kuikausha." Maneno hayohayo nimeshayasikia kuhusu Kilimanjaro, na kuhusu mwembe wa jirani yangu.

Kuvumwani ni kuvu na mwani wanaoishi katika mwili mmoja. Basi.

Jina limeshasema kila kitu: kuvu, halafu mwani. Taabu ni kwamba mtu wa Paje, Zanzibar, kwenye mashamba ya mwani wa baharini, akisikia mwani anaona kamba na vigingi ufukweni, kumbe huyu ni kijani kidogo kisichoonekana kwa macho matupu, na mara nyingine si mwani hata kidogo, ni bakteria. Kuvu hujenga nyumba, mwani hupika sukari kwa jua. Mtaalamu wa mimea Mswisi, Simon Schwendener, alipolieleza hilo mwaka 1867, wajuzi wenzake walimpinga vikali.

Sasa, kama kuna anayenyonywa hapo, labda ni mwani (na hilo wataalamu bado wanabishania). Mti haumo. Gome ni kigoda tu. Tazama Umbilicaria, aina ya kuvumwani iliyojibandika palepale miambani: imeshika jiwe kwa nukta moja katikati, ndiyo maana jina lake la Kilatini limetokana na kitovu. Ikikauka huvunjika kama kaukau. Ikinyeshewa hulainika kama ngozi na ukijani hujitokeza. Jiwe lina utomvu gani wa kunyonywa?

Kinachowadanganya watu ni tawi kavu lililojaa kuvumwani. Tawi lilianza kufa, sindano (ndiyo majani ya msprusi) zikapukutika, mwanga ukaingia, ndipo kuvumwani ikanawiri.

Kwa hiyo, ndugu mwenye picha, picha ni nzuri, iache. Andika tu "kuvumwani iliyokaa juu ya miti." Na kama ni mimea unayoitaka, iko kwenye nyufa za mwamba, pale sindano za msprusi zinapooza polepole na kuacha udongo mchache wenye asidi: vichaka vya rododendroni na jamaa wa bluberi. Hivyo umevipiga picha vizuri kabisa, ila hukuvitaja.