Darubini Kuukuu za Macho Mawili: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Anayeanza kukusanya darubini za zamani za macho mawili hupewa ushauri mwingi kabla hajanunua hata moja, na sehemu kubwa ya ushauri huo huhusu mambo ya nje: jina lililochongwa, tarakimu za ukuzaji, ngozi isiyochubuka, habari za vita. Ilhali ubora wa chombo hiki umo ndani ya mapipa yake, na darubini mbili zilizotoka kiwanda kimoja katika mwaka mmoja zaweza leo kuwa na hali tofauti kabisa, kutegemea zilikohifadhiwa na mikono iliyozifungua. Kwa hiyo kila moja hupimwa peke yake.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba tarakimu kubwa ndiyo darubini bora. Katika maandishi kama 8x30, tarakimu ya kwanza hutaja kitu kinakuzwa mara ngapi, na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawanya ya pili kwa ya kwanza unapata kipenyo cha duara la mwanga linalofika jichoni: milimita 3.75 kwa 8x30, 5 kwa 10x50, na 7 na ushei kwa 7x50. Mabaharia walizipenda 7x50 kwa sababu mboni ya kijana gizani hupanuka hadi takriban milimita 7, na ukuzaji wa mara 7 bado huvumilia mtikisiko wa mikono na wa meli. Mtu mzima ambaye mboni yake haivuki milimita 5 hanufaiki na mwanga wote huo. Ama zile za mara 20, bila kiguu cha kuziegemeza huonyesha mtetemo mtupu.

Jina la Zeiss, kiwanda cha Kijerumani, nalo hubebeshwa mzigo usiokuwa wake. Mwitaliano Ignazio Porro alipata hataza ya prizimu, yaani vipande vya kioo vinavyokunja njia ya mwanga, za kusimamisha taswira iliyopinduka mwaka 1854, lakini aliyefanikisha darubini yenyewe kibiashara ni Ernst Abbe katika kiwanda cha Carl Zeiss mjini Jena, ambacho kilianza kuziuza mwaka 1894. Wengi hudhani kwamba tangu hapo jina hilo limebaki na maana ileile. Mwaka 1945, kabla ya kuukabidhi mji wa Jena kwa Wasovieti, Wamarekani waliwahamisha baadhi ya wataalamu wa kiwanda hicho, ikaundwa kampuni nyingine Oberkochen, upande wa magharibi, huku Jena ikiendelea na kazi ndani ya Ujerumani Mashariki. Deltrintem, darubini ya 8x30 iliyoanza mwaka 1920, ilitengenezwa kabla ya vita na baada ya vita, kwa hiyo chini ya jina lilelile utakuta vioo vitupu visivyo na utando wowote na vioo vyenye utando wa kupunguza mng'ao, na tofauti yake machoni ni kubwa. Tena, wakati wa vita viwanda vya Ujerumani viliamriwa kuweka alama za siri badala ya majina: herufi blc zilikuwa za Zeiss Jena, beh za Leitz wa Wetzlar, cag za Swarovski. Hivyo darubini isiyo na jina yaweza kuwa Zeiss halisi, na yenye jina kubwa ikawa ya kiwanda cha Kisovieti iliyochongwa maandishi mapya na mfanyabiashara. Alama za utawala wa Nazi pia hughushiwa, kwa kuwa huongeza bei.

Husemwa vilevile kwamba darubini kuukuu zote zina kiza. Kila uso wa kioo usio na utando hurudisha nyuma kati ya asilimia 4 na 5 ya mwanga, na darubini ya kawaida ya prizimu huwa na nyuso 10 hivi katika kila pipa. Hesabu yake hutoa takriban asilimia 60 hadi 65 ya mwanga unaopita. Alexander Smakula wa Zeiss alivumbua utando wa kuzuia upotevu huo mwaka 1935, na utando mmoja tu wa aina hiyo hushusha hasara ya kila uso hadi asilimia 1.5 hivi, kiasi kwamba zaidi ya asilimia 85 ya mwanga hufika jichoni. Kuutambua si kazi ngumu: simama chini ya taa, elekeza lenzi ya mbele kwako, kisha uiinamishe polepole na kutazama taswira ndogo za taa zikifuatana ndani ya pipa. Zilizo nyeupe zinatoka kwenye kioo kitupu, za samawati au zambarau zina utando mmoja, na za kijani huashiria tabaka nyingi. Mara nyingi utaona samawati mbele na weupe huko ndani, maana prizimu hazikupakwa kitu. Muuzaji hatakuambia hilo.

Kutokana na utando huo huzuka kosa jingine, la kusugua kioo mpaka kimetemete. Tando za mwanzo zilikuwa laini na hutoka kwa kitambaa kikavu. Hata rangi ya uzee juu ya kioo kitupu haina ubaya: mwishoni mwa karne ya 19, Mwingereza Dennis Taylor aligundua kwamba lenzi zilizopauka kwa umri zilipitisha mwanga mwingi kuliko mpya. Mkwaruzo mmoja mwembamba mbele haudhuru taswira. Ukungu wa grisi iliyoyeyukia prizimu huiharibu kabisa.

Wapo wanaoamini kwamba mapipa yaliyonyooka, ya prizimu za paa, ni hatua ya mbele kuliko yale yenye mabega, ya prizimu za Porro. Kwa darubini za leo hoja hiyo ina nguvu, lakini prizimu za paa huvuruga awamu za mwanga, yaani mpangilio wa mawimbi yake, na kupunguza ukali wa taswira, na dawa yake, utando wa kurekebisha awamu, Zeiss waliileta mwaka 1988. Kabla ya hapo, Porro ya bei ya chini mara nyingi iliishinda ya paa.

Kosa linaloumiza zaidi ni kuamini kwamba macho yatazoea. Pipa moja likipotoka, ubongo hulazimika kuvuta taswira mbili zikutane, na malipo yake ni maumivu ya kichwa. Tazama mstari wa mlalo ulio mbali, kama kipaa cha nyumba, kisha isogeze darubini nyuma taratibu sentimita chache kutoka machoni: mstari ukikatika kati ya duara mbili, mapipa hayako sawa. Fundi anayesawazisha mapipa kwa upana mmoja tu wa bawaba atakurudishia darubini inayoharibika tena pindi unapoikunja.

Sifa ya kijeshi haihakikishi lolote, zaidi ya chuma kizito na kurekebisha uwazi wa taswira kwa kila jicho peke yake. Mkoba wa ngozi wa asili nao, ambao wakusanyaji huulipia zaidi, ni makazi mabaya: ngozi hushika unyevu, na penye joto na chumvi kama Tanga, Mombasa au Muscat kuvu hutambaa kwenye lenzi na kuchora kioo chenyewe. Mkoba uwekwe kando, darubini ikae mahali pakavu penye hewa, na vipakiti vya silika jeli vya kunyonya unyevu karibu.

Ulinganishaji wenyewe haufanyiki dirishani adhuhuri, wakati ambapo karibu kila darubini hupendeza. Ziweke mbili zenye tarakimu sawa juu ya kiguu, zielekeze kwenye ubao wenye maandishi madogo, na uanze jua linapozama, ukibadilishana haraka bila kusubiri, mpaka mojawapo ishindwe kusomeka. Kisha zielekeze karibu na taa ya barabarani, na hapo utaona ni ipi inayomwaga weupe juu ya taswira yote.