Dada wakili, leo mimi ni "dhana"?

Mama mmoja wa Mbagala alisoma rasimu ya maombi niliyomwandalia, kidole kikagota kwenye maneno "dhana ya ndoa". Akaniangalia kwa uchungu. "Dada wakili, miaka kumi na moja nimempikia, nimemzalia watatu, leo mimi ni dhana?"

Kosa ni langu, sikumweleza mapema. Mtaani dhana ni jambo la kukisia tu. Mahakamani uzito wake ni mwingine: ni jambo linalochukuliwa kuwa kweli mpaka anayelipinga alete ushahidi. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wakawatambua kama mume na mke, itadhaniwa kuwa wameoana. Ile "miezi sita" inayosemwa vibarazani haimo kwenye sheria. Na miaka peke yake haitoshi. Majirani walikuitaje? Msibani ulikaa upande gani? Kama bwana ana ndoa ya Kikristo kwingine, dhana inakwama, kwa sababu hana uwezo wa kuoa tena. Hata ikikwama hutoki mikono mitupu: kifungu hichohicho kinamruhusu mwanamke kudai matunzo yake na ya watoto.

Neno la pili lililomtisha ni "mchango". Alidhani lazima alete risiti za saruji. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali iliyochumwa pamoja. (Bi Hawa mwenyewe alishindwa rufaa yake. Waliofaidi ni waliokuja nyuma yake.) Mchango si lazima uwe nusu kwa nusu, mahakama hupima.

"Talaka" nayo ina mtego. Mume akitamka talaka msikitini au kwenye simu, kwa sheria ya nchi ndoa haijavunjika hadi mahakama itoe amri. Kabla ya hapo mnapitia baraza la usuluhishi la ndoa, likishindwa linatoa hati ya kuthibitisha hivyo. Barua ya mjumbe si hati hiyo, ingawa kila wiki naletewa moja, tena imepigwa muhuri vizuri kabisa.

Kuhusu watoto nitasema kidogo: mtoto wa chini ya miaka 7 sheria inadhani anafaa kukaa na mama, lakini ustawi wa mtoto ndio unaoamua. Malezi na matunzo ni vitu viwili. Anayekaa na mtoto si lazima awe ndiye mlipaji pekee.

Neno "dhana" sikulifuta kwenye maombi ya yule mama. Nilimwomba majina matatu ya watu watakaoeleza walivyowajua wawili hao. Akataja mwenye nyumba wao wa kwanza, shangazi wa bwana, na muuza genge anayemwita "mke wa fundi" hadi leo.