Maua ya tulipu na dafodili kwa Pasaka: yasinyauke kabla wageni hawajafika

Kwa mlioko Ujerumani, Uholanzi au Uingereza, Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, na tarehe ndiyo huamua ununue nini. Ikiwahi, dafodili zimejaa sokoni kwa bei ya chini. Ikichelewa, tulipu ndiyo zimepamba moto. Zote mbili huota kutoka kwenye tunguu zake ardhini, zinazofanana na kitunguu, na hazitunzwi kama waridi. Wengi huharibikiwa hapo.

Dafodili kwanza. Shina lake likikatwa hutoa utomvu mzito wenye kuteleza, na utomvu huo ukiingia kwenye maji ya tulipu, tulipu hunyauka mapema. Ukitaka kuzichanganya, kata dafodili mshazari, ziache peke yake kwenye maji baridi saa 12 hadi 24, ndipo uzihamishie kwenye chombo cha pamoja. Usizikate tena: hata sentimita moja, utomvu huanza upya na umerudi ulikotoka. Vaa glavu, maana huwasha ngozi.

Tulipu zinunue zikiwa bado matumba, ila rangi iwe imeanza kuchungulia. Mwisho wa shina mara nyingi kuna kipande cheupe kisichonyonya maji vizuri; kiondoe. Viringisha shada lote kwenye gazeti hadi juu ya matumba, lisimamishe majini saa mbili, na mashina yatanyooka. Kisha maji ya kina cha sentimita 5 hadi 8 tu, yabadilishwe kila baada ya siku mbili. Maji mengi huozesha mashina.

Tulipu hurefuka hata baada ya kukatwa, na huinamia dirisha. Kwa hiyo mimi huzikata fupi kidogo kuliko kimo ninachotaka, na chombo nakigeuza kila siku. Sponji ya maua siipendi kwa kazi hii, kwani shina laini hujikunja linapochomekwa. Wavu wa waya wa banda la kuku uliokunjwakunjwa ndani ya bakuli hushika vizuri zaidi, na unaoshwa ukatumika mwakani.

Maganda ya mayai nayo ni vyombo vizuri. Vunja theluthi ya juu tu, osha kwa maji ya moto na sabuni, bandua ule utando wa ndani (ukiachwa hunuka), jaza maji nusu, weka muskari (maua madogo ya buluu) tatu zenye shina la sentimita 7, kisha panga kwenye trei ya mayai.

Wajerumani hutundika mayai matupu kwenye matawi ya forsithia, kichaka chenye maua ya manjano. Matawi yakikatwa wiki moja hadi tatu kabla, kutegemea baridi, huchanua ndani. Yai litoboe ncha zote mbili kwa sindano, vuruga kiini, puliza. Funga uzi katikati ya kipande cha njiti ya kiberiti, kisukumie tundu la juu kikiwa wima, kisha vuta uzi: njiti italala kingamo ndani na yai halitachomoka.

Chombo kisikae karibu na ndizi au matofaa yanayoiva. Gesi yake huzeesha maua. Na mwenye paka asilete yungiyungi (lily, si lile la majini) kabisa. Chavua yake, hata maji ya chombo chake, huua figo za paka.