Ukinzani ukishuka, tuangalie kwanza nyaya za volti zilipounganishwa

Nikioneshwa mchoro wa ukinzani unaoshuka kadiri uga wa sumaku unavyoongezwa, jambo la kwanza kuuliza ni hili: volti ilipimwa sehemu gani ya fuwele?

Katika nusumetali za Weyl, yaani fuwele ambazo elektroni zake hutenda kana kwamba hazina masi, elektroni zimegawanyika makundi mawili, za mkono wa kulia na za mkono wa kushoto, kutegemea kama spini (mzunguko wa asili wa elektroni) inaelekea zinakokwenda au kinyume chake. Wanafizikia Nielsen na Ninomiya walionesha kwamba ndani ya fuwele makundi hayo huja kwa jozi, na mwaka 1983 wakatabiri matokeo yake. Uga wa sumaku ukiwa mkali, ngazi ya nishati ya chini kabisa ya kila kundi hubakiwa na uelekeo mmoja tu: kundi hili hufuata uga, lile huenda kinyume. Ukielekeza uga wa umeme sambamba na wa sumaku, elektroni huhama kundi kama kete za bao: jumla ni ileile, ila shimo moja linajaa na jingine linapungua. Kurudisha usawa huchukua muda, kwa kuwa elektroni inapaswa kubadili momenta kwa kiasi kikubwa. Usawa usiporudi upesi, mkondo wa ziada hupita, ndiyo maana ukinzani hushuka.

Hii ndiyo anomali ya kairali, ileile waliyoieleza Adler, na Bell na Jackiw, mwaka 1969 kuhusu chembe iitwayo pioni isiyo na chaji inavyooza na kuwa fotoni mbili. Kuikuta ndani ya kipande cha fuwele bado kunanisisimua.

Tatizo ni kwamba kuna kitu kingine kinachoiga dalili hiyo. Katika fuwele safi sana, ambamo elektroni hutembea bila kugongwagongwa, uga wa sumaku huzuia mkondo kutawanyika pembeni. Mkondo hujibana katikati na kufuata mstari wa uga. Aliyepima volti ukingoni ataona imeshuka, na atadhani ukinzani wa fuwele yenyewe ndio ulioshuka.

Mwaka 2018 kundi la mwanafizikia Ong, wa Chuo Kikuu cha Princeton, lilipendekeza kipimo ninachokiamini: ingiza mkondo kupitia viunganishi vidogo, kisha pima volti kwenye mstari wa kati na ukingoni. Mkondo ukijibana tu, volti ya ukingoni hushuka huku ya kati ikipanda. Zikishuka zote mbili, mshuko ni wa fuwele yenyewe. Fuwele za Na₃Bi na GdPtBi zilifaulu. TaAs, ambayo ndiyo nusumetali ya Weyl iliyotangazwa kwa shangwe mwaka 2015, ilivurugwa mno na mkondo uliojibana. Kwa hiyo karatasi yoyote inayodai kuona anomali kupitia ukinzani ningependa ioneshe volti zote mbili, tena kwenye mchoro mmoja.