Desmopresini si ya kila mwenye hemofilia

Hapa Nairobi bado utasikia mtu akisema ati ukiwa na hemofilia, ule ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, puliza tu desmopresini puani na damu itakata. Haiko hivyo. Hii ni homoni ya kutengenezwa na ndani yake hakuna fakta (protini ya kugandisha damu) yoyote, kazi yake ni kuamsha mwili utoe fakta 8 na ile ya von Willebrand zenye zimehifadhiwa kwa mishipa, sasa kama stoo iko tupu itatoa nini? Ndio maana inasaidia hemofilia A isiyo kali na ugonjwa wa von Willebrand aina ya 1, wenye fakta ya jina hilo ni kidogo, lakini A kali hapana, na hemofilia B ndio kabisa, hiyo shida yake ni fakta 9. Hata anayefaa hupewa dozi ya majaribio kwanza, damu inapimwa kabla na baada, juu miili haifanani.

Na ile sprei ya mtoto anayekojoa kitandani usiitegemee, dawa ni moja lakini mpulizo wake ni maikrogramu 10, ya kuzuia damu ni 150.

Halafu maji, hapa ndio watu huteleza: inazuia mkojo, kwa hivyo ukinywa maji mengi ndani ya masaa 24 baada ya dozi, chumvi ya damu inashuka na unaweza kushikwa na degedege.