Kubadilisha mbao kikemikali: maana yake nini?

Mlango wa mbao ukivimba msimu wa mvua hadi ukakataa kufunga, kosa huenda si la fundi. Ni maji. Ukuta wa kila seli ya mbao umejengwa kwa selulosi, hemiselulosi na lignini, na molekuli hizo zimejaa vikundi vya haidroksili, yaani oksijeni iliyoshikana na haidrojeni. Vikundi hivyo hupenda maji mno. Hewa ikiwa na unyevu, huyanasa na mbao ikatanuka; hewa ikikauka, huyaachia na mbao ikasinyaa, ikapinda, ikapasuka. Kuvu nao wanaoozesha mbao huutegemea unyevu huohuo.

Kubadilisha mbao kikemikali ni kuzigeuza molekuli hizo zenyewe. Wengi huchanganya jambo hili na kupaka vanishi au kutia dawa. Vanishi hukaa juu. Ikichubuka, maji yanapita. Dawa huingia ndani, lakini hufanya kazi kwa kuwa ni sumu, na mbao hubaki ileile. Hapa kemikali hufungamana na molekuli za mbao ikawa sehemu yake, hivyo mvua haina cha kuosha.

Mfano uliokomaa zaidi ni uasetilishaji. Mbao huloweshwa anhidridi ya asetiki, kisha hupashwa moto. Haidrojeni ya haidroksili hutoka, na mahali pake hukaa kikundi cha asetili, ambacho ni kikubwa zaidi na hakina hamu ya maji. Ukuta wa seli hubaki kama uliokwisha kuvimba: maji yakija, hayana pa kukaa. Mbao huongezeka uzito kwa takriban asilimia 20, na umbo lake halichezi tena kama zamani. Mmenyuko huo huzaa pia asidi ya asetiki, ileile inayoipa siki ukali wake, ndiyo maana ukiikata mbao hii kwa msumeno harufu ya siki hukupanda puani.

Faida yake naiona hasa kwenye msitu. Msonobari unaokua haraka, ambao ukiachwa nje huoza mapema, unaweza kufanya kazi tuliyozoea kuipa miti migumu inayochukua miongo mingi kukomaa. Mjini Sneek, Uholanzi, tangu mwaka 2008 magari yanapita juu ya daraja lililojengwa kwa msonobari uliotendewa hivyo.

Kuna njia ya pili, ambayo badala ya kuongeza kitu huondoa. Lignini ndiyo gundi ya mbao na ndiyo inayoipa sehemu kubwa ya rangi yake. Ukiitoa, unabaki na kiunzi cheupe cha selulosi, mirija yake midogo ikiwa imepangika vilevile mti ulivyoipanga. Ukikijaza kiunzi hicho plastiki inayopindisha mwanga sawa na selulosi, mbao inapitisha mwanga. Watafiti wa chuo cha KTH nchini Sweden na wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walionyesha hivyo mwaka 2016. Mwaka 2018 hao wa Maryland walichemsha mbao kuondoa sehemu tu ya lignini na hemiselulosi, wakaikandamiza kwa joto hadi unene wake ukabaki kama moja ya tano. Nguvu yake ikaongezeka zaidi ya mara 10. Hakuna kiwanda kinachoweza kuisuka mirija ile kwa ustadi wa mti, kwa hiyo busara ni kuihifadhi na kuijenga upya kutokea hapo.

Lakini mbao inayopitisha mwanga si lazima iwe jadidifu kwa sababu tu imetoka mtini. Plastiki iliyotumika mwanzoni ilitokana na mafuta ya petroli, na hapo nusu ya sifa inapotea. Watafiti wa KTH walirudi kwenye kasoro hiyo mwaka 2021, wakaijaza mbao plastiki iliyotengenezwa kwa limonene, mafuta yanayopatikana kwenye maganda ya machungwa, na mwanga uliendelea kupita.