Je, wajua kwa nini shule humtuliza kijana mkimbizi hata kabla hajafanya mtihani wowote?

Wengi tukisikia elimu na wakimbizi tunafikiria cheti na kazi ya baadaye. Hayo yapo, lakini faida ya kwanza huonekana mapema zaidi, pengine katika wiki za mwanzo, na haihusiani na alama.

Mtu akiwa hatarini mwili wake humwaga homoni za kumtayarisha kukimbia au kupigana, mojawapo ikiwa kotisoli. Kwa hatari ya dakika chache, hiyo ni kinga. Kwa mtoto aliyesikia bunduki, akavuka mpaka usiku, kisha akaishi miezi bila kujua kesho atalala wapi, mwili huzoea kukaa macho. Usingizi unapungua, kumbukumbu inayumba, mlango ukigongwa kwa nguvu anaruka. Akishinda chumbani kutwa nzima bila la kufanya, fikira zinarudi kule kule alikotoka.

Kinachousaidia mwili kushuka kutoka hali hiyo ni mambo yanayojirudia bila kumdhuru. Shule imejaa mambo hayo: gwaride la asubuhi, kengele, mwalimu yule yule, mapumziko, na Ijumaa watoto wengi wa Mombasa kwenda msikitini adhuhuri. Mtoto anaanza kujua kitakachofuata, na kikifuata kweli, siku baada ya siku, hofu inapungua.

Mwaka 2007 mwanasaikolojia Stevan Hobfoll na wenzake walichapisha maafikiano ya wataalamu kuhusu yanayowasaidia watu baada ya maafa makubwa. Walitaja usalama, utulivu, kujiamini kwa mtu na jamii yake, kuwa karibu na wenzake, na matumaini. Darasa likiendeshwa vizuri linaweza kugusa yote matano. Zahanati peke yake haiwezi, hata iwe nzuri vipi. Ndiyo maana naamini dawati ni sehemu ya matibabu, na lisingojee mpaka mambo mengine yote yatengemae.

Mombasa si mgeni wa jambo hili. Freretown, upande wa Kengeleni, ilianzishwa miaka ya 1870 kuwa makao ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, na shule ilikuwa sehemu ya makao hayo. Miaka ya 1990, vita vya Somalia vilipowasukuma watu kusini, Utange kule Kisauni palikuwa na kambi ya wakimbizi. Miongoni mwa waliofika Pwani walikuwa Wabajuni na watu wa mji wa Barawa, ambao lugha zao ni ndugu wa Kiswahili chetu.

Lugha ni msaada mkubwa kuliko tunavyodhani. Kijana kutoka mashariki mwa Kongo huja na Kiswahili chake, kina ladha tofauti, lakini anaelewa anapoitwa kucheza mpira. Rafiki mmoja wa darasani humwonyesha choo kilipo, humwambia mwalimu gani mkali, humkaribisha kwao siku ya Idi. Asiyejua Kiswahili hana njia hiyo ya mkato, naye anahitaji mwalimu mwenye subira zaidi.

Kisheria mlango upo. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 22, unataka wakimbizi wapate elimu ya msingi sawa na raia. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Inasema kila mtoto. Tatizo huja mezani pa usajili: NEMIS, mfumo wa serikali wa taarifa za elimu, uliposajili wanafunzi kwa namba ya cheti cha kuzaliwa, mtoto aliyekimbia bila karatasi alikwama. Kisha kuna sare, vitabu na nauli ya matatu. Duniani, ripoti ya 2023 ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilikadiria kuwa zaidi ya nusu ya wakimbizi milioni 14.8 wa umri wa shule hawakuwa shuleni. Kwenye elimu ya juu waliofika walikuwa takriban asilimia 7, ilhali lengo la 2030 ni asilimia 15.

Na shule inaweza pia kuumiza. Mtoto anayechekwa kwa lafudhi yake, au anayechapwa kwa kushtuka na kutoka nje kelele zinapozidi, hofu yake inaongezewa mahali palipotakiwa kumpunguzia. Kibaya kingine ni kumketisha msichana wa miaka kumi na minne na watoto wa gredi ya pili kwa sababu aliacha shule akiwa mdogo. Aibu hiyo humfukuza upesi. Kule kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma wapo wanaofundishwa kwa mtaala ulioharakishwa, ambapo masomo ya miaka kadhaa hufupishwa ili vijana waliochelewa wasome na wa rika lao, kisha wajiunge na darasa linalowafaa. Mwalimu mkuu wa Kisauni au Likoni asiye na mpango kama huo bado anaweza kumpima kijana kwa mazungumzo na hesabu chache, amweke karibu na rika lake, na amtafutie saa moja ya ziada jioni kwa yale aliyoyakosa.